Amplifaya ya Spika za Yahaya

Majengo, Gisenyi
19 Mei 2024

Kwako kaka Mudathiru, huko Kariakoo katikati ya nyaya zako,

Asalaam aleikum. Salamu hizi zinatoka kwa mi mudogo wako Saidati, na kwa mama mukwe Nyirarukundo, amekaa hapa pembeni, anadhani nakuandikia habari za afya. Kusoma hajui, donc na we andika bila woga. Huku mvua imetuchosha, mboga ni sambaza, visamaki vya ziwani, kila siku mpaka watoto wa jirani wamezikataa, na goti la mama mukwe limerudia kuuma. Pole zenu za musiba zilifika, Mungu awalipe.

Utashangaa barua, zama hizi. Simu yangu inakaa kwa mama mukwe. Anasema mujane ndani ya eda haongei-ongei na watu. Ukipiga ananipa, lakini anaiweka sauti ya inje na kukaa palepale, ndiyo maana kila siku unanisikia nasema niko salama, nimekula, basi. Barua hii inapita juu ya ukuta kwa Jovia, jirani yetu muuza vocha, naye anaipa Evode, yule dereva wa lori anayekuja Dar.

Tangu Yahaya afariki sijavuka mulango wa inje. Miezi mine na siku kumi, dini imesema, na mi sibishani na dini. Lakini dini haikusema nyumba ya marehemu ijae ndugu zake. Hamza, mudogo wake, amehamia chumba cha mbele, eti kutulinda. Anatulinda na nini sijui, ninachoona ni kwamba anakula mara tatu.

Bon, neno lililonifanya nishike kalamu. Yahaya mwaka jana alinunua spika mbili Goma, kwa muzungu mumoja aliyekuwa anarudi kwao. Ni za mbao, ndogo, za kukaa juu ya rafu ya vitabu. Alizivusha mupaka wa Grande Barrière amezibeba kifuani kama mapacha. Kufika nyumbani, tunatafuta waya ya kuran, ya umeme, haiko. Kumbe zinataka mashine yake pembeni, amplifaya. Akasema atatafuta. Ikawa kila jioni anakaa mbele yazo, anazipangusa vumbi, anasema siku moja utasikia qasida humu ndani kama waimbaji wamekaa kwenye kanapé yetu. Nilimucheka sana. Sasa nazipangusa mi.

Nataka amplifaya ya bei ya chini, itakayoelewana na hizo spika. Pesa niko nayo, ni ya kushona, Jovia ananiwekea. We ndiye fundi, niambie nichukue ipi. Na usiniulize juu ya nini mujane anataka muziki. Nataka kitu kimoja katika nyumba hii nilichokichagua mi.

Mudogo wako,
Saidati


Kariakoo, Dar es Salaam
8 Juni 2024

Mdogo wangu Saidati,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika inanuka dizeli, Evode aliiweka chini ya kiti. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana, watoto wanamaliza unga tu, shule hatuoni matokeo. Joto limepungua kidogo, lakini kibandani kwangu ukichanganya na moto wa kuchomelea waya, utadhani nimo ndani ya tanuri la mikate. Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya wifi yako, tumecheka hiyo "sauti ya inje". Huku tunasema laudispika. Usibadilishe lakini, nimesikia Majengo yetu humo ndani na moyo umenituma mbali.

Sasa tuje kwenye kazi. Watu wanakuja hapa kwangu wanauliza amplifaya ya wati ngapi, kama mtu anayeuliza kilo za sukari. Wati za kwenye boksi ni maneno ya mshenga: usiyabebe yote. Amplifaya na spika ni ndoa, mdogo wangu, hazilazimishwi. Ukizilazimisha moja itaungua.

Kwa hiyo kabla sijakutajia chochote, geuza spika usome nyuma. Tafuta namba yenye alama ya ohm, itakuwa nne, sita au nane. Tafuta nyingine yenye herufi dB. Niambie na vishikio vya waya vikoje. Halafu pima sebule unijulishe ukubwa wake, kwa sababu nguvu ya kutosha chumbani si ya kutosha ukumbini.

Mengine usiwe na wasiwasi. Eda ikiisha nitakuja mwenyewe kukuchukua, upumzike huku kwetu. Nilimwahidi baba nitakuangalia, na baba hakuniachia kingine.

Kaka yako,
Mudathiru


Majengo, Gisenyi
20 Juni 2024

Kaka yangu,

Idd imepita, natumaini na ninyi mliipokea vizuri. Huku nyama iliingia, wageni waliingia, karibu kila mutu amevaa nguo niliyoshona mi, na mi niko nyuma ya rido, pazia la mulango, na nguo yangu ya eda nawasikia wanakula. Goti la mama mukwe liko afadhali. Jioni ananiita nimukande na mafuta, na wakati namukanda ananiita binti yangu. Si mutu mubaya, hilo ulielewe kabla sijaendelea.

Nyuma ya spika imeandikwa 4 ohm. Halafu 84 dB. Vishikio ni viwili kwa kila moja, kimoja chekundu, kimoja cheusi, vya kuzungusha na vidole. Salon nimeipima kwa futi yangu ya kushonea: mita tano kwa mine.

Sasa fanya haraka. Hamza alinikuta napima, akasema usijisumbue, mi nitaleta yangu. Ameona moja kwenye soko la Mbugangari, iko na mataa ya rangi inawaka na kuzima, na mbele imeandikwa wati elfu moja na mia mbili. Na unajua kwetu: mwanaume akiingiza kitu kikubwa salon ya mujane, kesho anaingiza sanduku lake la nguo. Tayari anakaa kiti cha Yahaya. Juzi chai haikuwa na sukari. Hakumuambia mama yake, aliniambia mi.

Jovia anasema maneno inazunguka Majengo kwamba eda ikiisha nitabaki palepale, nibadilishe bwana tu. Kumuposa mujane ndani ya eda dini imekataza. Mama mukwe anasema hii si kuposa, ni kupanga. Kaka, baba hayuko, we ndiye wali wangu, na hawawezi kunioza bila kupita kwako. Hamza amekupigia?

Saidati


Kariakoo, Dar es Salaam
14 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Lori la Evode lilikwama mpakani Rusumo, halafu mtoto wetu wa mwisho akashikwa na malaria, sasa anacheza. Wifi yako anasema anataka kitenge cha huko, lakini hiyo si amri.

Namba zako zimenifurahisha, maana sasa tunaongea. Ohm nne ina maana spika zako zinavuta sana. Amplifaya dhaifu ikikutana nazo inachemka mpaka inajizima yenyewe. Na hiyo themanini na nne ina maana ni spika nzito kuamka. Utamu zinao, tena mwingi, lakini wanaotaka utamu huo lazima wazipe nguvu ya kweli. Hiyo ya Hamza yenye mataa, ukiifungua ndani utakuta wati kumi na tano na upepo.

Hapa mezani nina tatu. Moja ni ndogo ya Kichina, inaenea kiganjani, bei poa kabisa. Shida yake ni adapta: wanakupa ya volti kumi na mbili wakati mashine inataka mara mbili yake, kwa hiyo unanunua amplifaya nzima unatumia nusu. Kuna dada yake mwenye adapta kubwa na bluetooth, hiyo ningeikubali kwa sebule yenu. Halafu kuna mtumba kutoka Ulaya, nzito kama jiwe la kusagia, ina transfoma ya kweli, wati thelathini na tano kila upande, na nyuma imeandikwa kabisa kwamba inakubali ohm nne. Haina urembo. Ina kataa kamoja kekundu ka kukwambia imewaka. Mtumba wa Japani nimeukwepa, maana umeme wao ni volti mia, ukichomeka huko kwenu unapata moshi.

Jambo moja wengi hawaamini. Spika haiuawi na amplifaya kubwa. Inauawa na ndogo inayolazimishwa. Ukizungusha kitasa cha sauti mpaka mwisho, sauti inaanza kukwaruza, na ile spika ndogo ya juu, sisi mafundi tunaiita twita, inaungua kimyakimya. Hata hiyo ya mtumba kwa spika zako kitasa kisivuke saa sita, yaani nusu ya mzunguko wake.

Hamza alinipigia, ndiyo. Tulisalimiana. Kijana ana heshima. Basi chagua unijibu.

Mudathiru


Majengo, Gisenyi
25 Julai 2024

Kaka,

Wifi awe muzima na watoto wawe wazima, kitenge nitamushonea mi mwenyewe. Huku wote wazima.

Umeniandikia kurasa mbili za ohm na mustari mumoja wa Hamza.

Nachukua ile ya mutumba. Nzito, isiyo na urembo, yenye taa moja. Mutu ataniuliza iko na nini, nitasema iko na nguvu.

Sasa nisikilize, juu ya vile naona uko unazunguka. Simutaki Hamza. Si mulevi, si mupigaji, anaswali, na simutaki. Nilipoolewa hapa nilimukuta anavaa kaptula ya shule, nilimufulia. Yahaya nilimuchagua mi, baba akiwa anataka mwengine, na baba mwishoe alikubali juu aliona siyumbi. Nilimupenda mpaka siku ya mwisho. Mutoto hatukupata. Ndiyo maana mama mukwe anaogopa, anajua sina kinachonishika hapa isipokuwa yeye na cherehani. Anasema nikiondoka nani atamukanda, nani atashona. Anasema ananilinda nisihangaike. Vyote viwili ni kweli na vyote viwili vinanifungia.

Mwanzo nilikuwa nahesabu siku za eda ziishe. Sasa naomba zisiishe. Ndani ya eda nimefungwa, lakini hakuna anayeweza kunisogelea. Siku ikifika mulango unafunguliwa, na wanaongoja kupita ni wao. Usiku nasikia Hamza anakohoa chumba cha mbele na nabana pumzi mpaka amalize. Unaelewa niko wapi?

Ulimujibu nini alipokupigia? Na utakuja lini? Nijibu hayo mawili kwanza, amplifaya iwe ya mwisho.

Saidati


Kariakoo, Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Wifi yako amefurahi habari ya kitenge.

Amplifaya inaondoka leo na Evode, pamoja na barua hii. Nimeifungua yote, nimepuliza vumbi la Wazungu, kitasa cha sauti kilikuwa kinakwaruza nimekisafisha, fyuzi nimebadilisha. Nimeijaribu hapa kibandani na spika za ohm nne, wateja wakaacha kubishana bei. Pesa yako sitaki, ni zawadi. Waya nimeweka ndani ya boksi, mita tatu tatu. Nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja haitaungua, ila besi itapotea na utadhani nimekutumia takataka. Iachie nafasi juu ipumue, usiweke kitambaa cha maua juu yake, nawajua. Spika zisigusane na ukuta, na uzigeuze kidogo zikutazame pale unapokaa.

Kuhusu kuja, mwezi huu kazi zimebana sana. Tutaongea. Subira huvuta heri, Saidati, usifanye jambo kwa hasira.

Mudathiru


Majengo, Gisenyi
22 Agosti 2024

Mudathiru,

Leo sina salamu.

Boksi limefika. Evode hakupita nalo kwa Jovia, kwake aliacha barua tu. Aligonga mulango wa mbele, akamuulizia Hamza, akamukabidhi mukononi, juu ndivyo ulivyomuagiza. Jina la Hamza liko juu ya boksi kwa mwandiko wako, naujua tangu madrasa. Akafungua mbele ya watu wote. Akasema, "Shemeji Mudathiru ametupa zawadi ya nyumba." Mama mukwe akapiga kigelegele. Kigelegele, ndani ya nyumba yenye eda. Mi nilikuwa nyuma ya rido na sindano mukononi.

Najua utasema nini. Utasema kwa adabu kitu cha mujane hakitumwi kwa mujane, kinapitia kwa mwanaume wa nyumba. Ni kweli, ndiyo adabu yetu, hata baba angefanya hivyo. Lakini mwanaume wa nyumba hii alikufa. Nani amemuweka huyu mwengine? Kabla ya boksi lako alikuwa mugeni anayekula sana. Sasa mitaa yote inajua kaka yangu amemutambua.

Waliiwasha. Hamza aliunga waya vizuri, sitamusingizia. Wakaweka qasida. Nikwambie ukweli, ni muzuri. Sauti ya muimbaji haikutoka kwenye spika, ilisimama katikati ya ukuta, nilisikia mpaka anavyovuta pumzi. Yahaya alikaa mwaka muzima mbele ya mbao anangoja kitu hicho. Nililia, mama mukwe akasema ni huzuni ya marehemu. Ilikuwa hasira.

We ndiye uliyeandika kwamba amplifaya na spika ni ndoa, hazilazimishwi. Vyuma unavihurumia, dada yako hapana.

Ulimuambia ndiyo, si hivyo? Ulimuambia ndiyo tangu mwezi wa sita, kisha ukaniandikia ohm.

Saidati


Kariakoo, Dar es Salaam
30 Agosti 2024

Saidati,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Sikusema ndiyo. Wallahi sikusema. Hamza aliponipigia na mama yake pembeni, walisema wana nia njema na wewe, nikasema inshallah, mambo ya kheri. Ni neno hilo tu. Wao wamelisikia walivyotaka. Na boksi niliandika jina lake kwa sababu nilidhani likipita kwako watasema mjane anaagiza miziki na kaka yake anamsaidia. Nilitaka kukufichia aibu.

Lakini nikwambie na upande wangu, maana unaniandikia kama mtu mwenye jumba. Tuna vyumba viwili, Saidati. Mama wa wifi yako amehamia kwetu tangu Ramadhani, sikukuandikia, analala na watoto. Ukija nitakulaza wapi? Na ukibaki Gisenyi peke yako, bila mtoto, bila nyumba, utaishije? Nakaa hapa naunga nyaya za watu mpaka jioni na swali hilo linanizunguka, halafu simu inaita ni Hamza, ananiita kaka, ananiuliza watoto wanaendeleaje. Kijana hanywi. Ana kazi ya mizigo mpakani. Wapo wanawake wanaomba wapate huyo. Nikifikiri hivyo napata usingizi kidogo, nikikumbuka barua zako unakatika.

Wamesema eda ikiisha Shehe atanipigia siku yenyewe, nitoe idhini kwa simu. Niambie niseme nini. Utakaloniandikia ndilo nitakalosema.

Kaka yako,
Mudathiru


Rubona
22 Septemba 2024

Kaka Mudathiru,

Salamu kwa wifi, kwa mama yake, na kwa watoto. Na kwako.

Barua yako ya mwisho haikunikuta Majengo. Jovia ameniletea huku Rubona, kwa shangazi yake, ambako nalala. Umeniuliza useme nini Shehe akikupigia. Siku niliyoisoma, Shehe alikuwa ameshapiga, na kila kitu kimekwisha. We unajua lori linakwenda siku ngapi kuliko mi. Ulitupa swali mahali ambapo jibu halifiki kwa wakati.

Ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Wanaume walikaa salon upande wa spika, sisi wanawake nyuma ya rido, wamenivalisha, wamenipaka hina hata sikuombwa mukono. Shehe akasema wali yuko Dar, tumuite. Ni kwa simu yangu mwenyewe, mama mukwe ndiye aliyeishika. Iliita mpaka ikakatika. Wakarudia, ikaita mpaka ikakatika. Nilijua uko nayo mukononi, simu yako haikai mbali nawe hata chooni. Hamza akasema wali alishakubali zamani, sote tulimusikia.

Shehe wetu ni muzee wa sauti ndogo, unamukumbuka. Akasema habari ya wali tutaitazama, kwanza tumusikie mwenyewe. Akasogea karibu ya rido akaniuliza kama nakubali kuolewa na Hamza.

Nikanyamaza. Miezi yote ile niliyokuandikia simutaki, simutaki, na siku yenyewe ulimi ulikauka. Nilimuona mama mukwe ameshika goti lake ananitazama. Habari ya vyumba vyako viwili ilikuwa haijanifikia bado. Nilijua tu kwamba huji. Nilifikiri nitakwenda wapi. Mama mukwe akasema haraka, amenyamaza, haya imemujaa, amekubali. Watu wakaanza alhamdulillah.

Shehe akasema hapana. Akasema musichana ambaye hajaolewa akinyamaza, tunachukua amekubali. Huyu alikuwa na bwana. Huyu mpaka aseme kwa kinywa chake. Akaniuliza tena.

Nikasema sikubali. Nilisema kidogo sana, akasema hajasikia. Nikasema sikubali, na hiyo aliisikia mpaka mutu wa barabarani.

Wanawake walinikimbia kama nimemwaga maji ya moto. Mama mukwe hakunitukana. Alilia, akasema binti yangu, sasa nani atanikanda. Kidogo hilo linirudishe, kaka. Angenitukana ningetoka haraka zaidi.

Hamza, kwa aibu, aliwasha qasida ili watu wasisikie wanavyonong'onezana, akazungusha kitasa mpaka mwisho. Habari ya saa sita uliniandikia mi, hukumuandikia yeye. Ilikwaruza, halafu spika ya kushoto ikakata sauti ya juu na tukasikia harufu. Ningeweza kusema neno moja akapunguza. Sikusema. Zilikuwa za Yahaya, alizivusha mupaka kwa mikono yake, na nimeziacha ziungue juu nilitaka kuona Hamza anaharibu kitu mbele ya watu. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Nilitoka na nguo zangu. Cherehani wameishika, wanasema ni ya nyumba. Jovia alifunga duka akanisindikiza mpaka kwenye taxi. Huku Rubona nashona kwa mukono: mishono iliyofumuka, pindo za vitenge vya wake wa wavuvi, kila mutu ananipa anachoweza, siku nyingine ni sambaza, nimezirudia tena. Chumba ni kidogo, tunalala wanne. Watu wa Majengo wanaokuja kununua samaki wananiona na kutazama ziwa. Usidhani nimeandika kukwambia nimepona.

Neno moja limebaki. Jovia anasema ulifanya vizuri kutoshika simu. Anasema ungeshika ungesema inshallah nyingine na wangefunga ndoa juu yake. Anasema uliniokoa. Mi nasema ulikaa unaitazama inaita na ulingoja iache. Labda ni kitu kimoja, sijui. Mama mukwe alinirudishia simu nikiwa mulangoni, na tangu siku ile naona jina lako linaita. Siishiki. Nikiishika utaanza na afya, halafu utaniuliza spika ya kushoto ilitoa harufu gani, na mi nitakujibu, na tutakuwa tumeanza upya kuandikiana ohm.

Njoo. Panda basi mpaka Kigali, kisha la Rubavu, hapa kwetu Gisenyi, kisha taxi ya Rubona, uulize nyumba ya shangazi ya Jovia, kila mutu bandarini anaijua. Usilete kitu. Nafasi ya kukaa iko, kulala utatafuta mwenyewe.

Ukija utakuta mulango uko wazi. Usipokuja, utakuwa wazi vilevile, juu ndani ni giza na mi nahitaji mwangaza wa kushona.

Saidati